Mada ya tasnifu huanzia daftarini: Mafunzo kutoka mashamba ya chai ya Kericho na Bomet

KWA miaka tisa, kuanzia 2002 hadi 2011, wanasayansi walibishana katika majarida makubwa ya kimataifa kuhusu swali ambalo mzee yeyote wa Kericho angeweza kuliuliza akiwa ameketi barazani kwake: je, nyanda hizi za majani chai zimepata joto kuliko zamani, na je, ni joto hilo lililoirudisha malaria huku juu?

Swali lenyewe halikuwa la mzaha. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Vimelea vya malaria kali hukua kwa shida ndani ya mbu pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi hivi, na wastani wa joto la Kericho hauko mbali na kiwango hicho. Mahali kama hapo, sehemu ndogo ya nyuzi moja yaweza kutofautisha msimu wa homa chache na msimu wa wodi kujaa. Isitoshe, wakazi wa nyanda za juu hawaugui malaria mara kwa mara, hivyo miili yao haijajenga kinga waliyo nayo wenzao wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mlipuko ukizuka, huua watu wazima sawa na watoto.

Kilichowavuta watafiti Kericho ni kumbukumbu. Kampuni zilizoanza kupanda chai katika eneo hilo katikati ya miaka ya 1920 zilijenga hospitali na zahanati kwa ajili ya wafanyakazi wao, na makarani wa hospitali hizo wakawa wakiandika, mwezi baada ya mwezi, idadi ya waliolazwa na maradhi yaliyowalaza. Mwaka wa 2000, Dennis Shanks na wenzake walichapisha makala yaliyofuatilia malaria katika shamba moja la chai la Kericho tangu 1965. Ugonjwa ulikuwa umeongezeka, na watafiti hao wakaona kwamba chanzo kikubwa huenda ni vimelea kuizoea dawa ya klorokwini.

Mwaka wa 2002, Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba takwimu za hali ya hewa za Kericho na sehemu nyingine tatu za nyanda za juu za Afrika Mashariki hazikuonyesha badiliko la maana la joto. Mwaka wa 2006, Mercedes Pascual na wenzake walizichunguza sehemu zizo hizo kwa takwimu zilizofika hadi 2002 na kwa mbinu tofauti za hesabu, wakaona kwamba joto limepanda. Mwaka wa 2011, Judy Omumbo na wenzake walikuja na kitu ambacho mjadala huo ulikuwa umekikosa: vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia Januari 1979 hadi Desemba 2009, vilivyohakikiwa. Vipimo hivyo vilionyesha joto likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 katika kila miaka kumi.

Tofauti ilikuwa wapi?

Mwanafunzi anayejiandaa kuandika tasnifu hana budi kuukazia macho mkasa huu kabla ya kusoma kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Pande zote zilikuwa na wataalamu, na pande zote zilijua hesabu. Lakini takwimu za mwaka wa 2002 hazikuwa vipimo vilivyosomwa Kericho. Zilikuwa makadirio yaliyojazwa katika miraba ya ramani, kila mraba ukiwa na upana wa takriban kilomita 55, kwa kukisia kutoka vituo vilivyotawanyika huku na huko.

Yeyote aliyewahi kuteremka kutoka Kericho hadi Muhoroni ataliona tatizo mara moja. Katika mwendo mfupi wa gari, majani chai huisha, miwa huanza, na msafiri huvua koti. Mraba mmoja wa ramani waweza kuyameza mashamba yote mawili na kuyapa wastani mmoja, ambao si joto la Kericho wala si la Muhoroni.

Ni vyema kuongeza kwamba kazi ya 2011 haikuthibitisha kuwa joto pekee ndilo lililoleta malaria, wala haikufuta hoja ya dawa iliyochakaa. Ilichofanya ni kuliondoa mezani dai kwamba hali ya hewa ya Kericho haikubadilika. Hatua ndogo, ya uhakika, iliyotokana na kuijua kumbukumbu na jinsi ilivyoandikwa. Tasnifu nzuri ya uzamili haihitaji kufanya zaidi ya hapo.

Mada zinazofanana kama pacha

Katika rafu za maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Kenya, anwani za tasnifu hufanana. Nyingi huanza na "Mambo yanayoathiri" au "Athari za", hufuatwa na jambo pana kama vile utendakazi, maendeleo au ufanisi, kisha huishia na "uchunguzi kifani" wa kaunti fulani. Badala ya Kericho mtu aweza kuandika Kakamega na ukurasa wa kwanza usitikisike. Hiyo ndiyo dalili ya mada ambayo bado haijapata mahali pake.

Mada hizo huja pamoja na nambari yake mashuhuri: 384. Ni idadi ya watu wanaopewa hojaji, na imerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa kama sharti la dini. Nambari hiyo hutokana na kanuni ya hesabu inayokisia mgawo wa watu wenye jibu fulani katika kundi kubwa mno, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia tano, ikichukuliwa kuwa nusu ya watu watajibu ndiyo. Inafaa pale mtafiti anapotaka kujua, kwa mfano, ni wakulima wangapi kati ya mia wanaomiliki aina mpya ya mche. Haifai kwa anayetaka kupima kilo za majani, wala kwa anayelinganisha viwanda viwili, wala kwa anayetaka kuelewa ni kwa nini mjane fulani aling'oa michai yake akapanda mikaratusi. Kitabu cha Olive Mugenda na Abel Mugenda cha 1999, ambacho wanafunzi wa Kenya hukitaja karibu wote, kina mengi zaidi kuhusu sampuli kuliko ile aya moja inayonakiliwa kila mwaka.

Katika nchi ya chai kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo ya kawaida hulipuuza. Wakulima wanaopeleka majani katika kituo kimoja cha kununulia hushiriki mvua moja, karani mmoja, mizani moja na lori moja. Ukiwahoji 80 katika kituo hicho, unapata habari pungufu mno kuliko ukiwahoji wanane wanane katika vituo kumi. Mwanafunzi anayefanya kazi katika maeneo ya viwanda kama vile Momul, Tegat, Litein, Kapset au Kapkoros afadhali aongeze vituo na apunguze watu katika kila kituo, hata kama nauli ya pikipiki itapanda.

Kilo za mchumaji

Mfano bora wa swali lililopata daftari lake ni utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 na Matthew Fox na wenzake kuhusu ukimwi katika shamba la chai la Kericho. Wakati huo kila mtu alijua kwamba ukimwi unawadhoofisha wafanyakazi. Serikali, waajiri na mashirika ya misaada walilisema katika kila semina. Ni wachache waliokuwa na kipimo.

Watafiti hao waligundua kwamba kipimo kilikuwapo tayari. Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo. Kila siku majani yake hupimwa, karani huandika, na mwisho wa mwezi daftari hugeuka mshahara. Kwa hiyo kampuni, bila kukusudia, ilikuwa imehifadhi historia ya nguvu za mwili wa kila mchumaji, siku baada ya siku. Watafiti walichukua kumbukumbu za wafanyakazi waliofariki au kustaafishwa kwa maradhi yaliyohusiana na ukimwi kati ya 1997 na 2002, wakazilinganisha na za wenzao waliochuma katika mashamba yaleyale wakati uleule. Ikaonekana kwamba katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa kazi yao, wagonjwa walichuma pungufu kwa kilo nne hadi nane hivi kwa siku. Kipato chao kilikuwa chini kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi, na kwa karibu asilimia 18 katika mwaka wa mwisho. Likizo za ugonjwa ziliongezeka, na siku nyingi wakawa wakipewa kazi nyepesi.

Takwimu hizo zilikuwa na uzito wake kwa sababu zilifika wakati dawa za kupunguza makali ya virusi zilipokuwa zikianza kupatikana kwa wingi, na waajiri walikuwa wakiuliza kama inafaa kuzigharimia. Baadaye daftari lilelile la mizani lilitumiwa kupima jinsi wachumaji walioanza dawa walivyorejea kazini.

La kuzingatia hapa ni namna ya kulinganisha. Uchumaji hutegemea mvua, umri wa michai na siku zilizopita tangu kipande cha shamba kilipochumwa mara ya mwisho. Kama watafiti wangemlinganisha mgonjwa na mchumaji wa shamba jingine, wasingejua kama wanapima ugonjwa au mawingu. Mwanafunzi aandikaye pendekezo la utafiti na ajiulize mapema: nitamlinganisha huyu na nani, na wawili hao wanatofautiana kwa jambo gani jingine?

Madaftari mengine

Kuna kumbukumbu nyingi katika kaunti hizi mbili ambazo hazijasomwa vya kutosha. Utafiti wa chai wenyewe una makao yake Kericho tangu taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka wa 1951. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, kazi hiyo ilirithiwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai nchini Kenya mwaka wa 1980, kisha ikawekwa chini ya shirika la KALRO lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Ni hapo ilipotoka chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011. Mwanafunzi wa kilimo anayetaka kujua ni kwa nini baadhi ya wakulima waliipanda kisha wakakata tamaa ana mada mkononi, mradi atafute orodha za waliouziwa miche na kiwanda kilichokubali au kukataa kununua majani yao.

Mvua ya mawe nayo ina kisa chake. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kabisa ulimwenguni, na kwa kampuni za chai kila dhoruba ni hasara iliyoandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kunyunyizia mawingu kemikali ya fedha na iodini ili kupunguza madhara. Mwaka wa 1982, Russell Schnell na mwenzake walieleza jambo la ajabu zaidi: takataka za majani makavu chini ya michai zina chembechembe zinazosaidia maji kuganda, na hupeperushwa hewani wachumaji wanapopita kati ya mistari. Yaani huenda shamba la chai linajitengenezea sehemu ya mawe yanayolipiga. Kwa mwanafunzi wa jiografia au fizikia anayedhani kwamba eneo lake halina mada, hilo linatosha.

Upande wa Bomet, daftari kubwa liko Tenwek. Hospitali hiyo ya misheni ilianza mwaka wa 1937, na kwa miaka mingi madaktari wake wameona wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Mwaka wa 2010, watafiti waliopekua kumbukumbu zake waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 30, jambo lisilo la kawaida kwa saratani hiyo. Dhana ni nyingi. Mwaka wa 2013 ulichapishwa utafiti uliokuta kemikali ya asetaldehaidi kwa kiwango cha juu katika mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Mwaka wa 2016, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika orodha ya vitu ambavyo pengine husababisha saratani. Katika eneo ambako chai hunywewa ikifuka moshi, dhana hiyo ya pili si ya kupuuzwa.

Lakini hapa pana mtego unaowanasa hata wenye shahada kubwa. Kumbukumbu za hospitali huonyesha waliofika hospitalini. Tenwek ina sifa ya upasuaji na uchunguzi wa umio, kwa hiyo wagonjwa huenda huko kutoka mbali. Idadi kubwa ya wagonjwa huenda ikamaanisha kwamba Bomet ina saratani nyingi, na huenda pia ikamaanisha kwamba Bomet ina hospitali nzuri. Bila kujua mgonjwa anatoka kata gani na kata hiyo ina watu wangapi, mwanafunzi hawezi kuzitenga habari hizo mbili. Mada inayoanza kwa kuchora ramani ya nyumbani kwa wagonjwa ina thamani kuliko inayorukia moja kwa moja kwenye chanzo cha ugonjwa.

Wanafunzi wa uchumi wana swali ambalo wakulima wenyewe huliuliza kila mwaka KTDA inapotangaza malipo ya pili, yale yaitwayo bonasi: kwa nini viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa hulipa kidogo kuliko vya Meru, Embu na Kirinyaga? Majibu hutolewa kwa hasira. Wengine hutaja ubora wa uchumaji, wengine usimamizi, wengine bei ya chini iliyowekwa katika mnada wa Mombasa mnamo Julai 2021 na chai iliyobaki maghalani bila mnunuzi. Malipo ya kila kiwanda hutangazwa hadharani, na bei za mnada huandikwa kila wiki. Atakayelinganisha malipo ya kabla na baada ya Julai 2021 atapata angalau sehemu ya jibu, na wakulima wa Konoin watamsikiliza.

Historia ina watangulizi wake. J. G. Peristiany alichapisha kitabu juu ya mila na taasisi za Wakipsigis mwaka wa 1939. Kitabu cha Ian Orchardson kilitoka 1961. Henry Mwanzi aliandika historia ya Wakipsigis mwaka wa 1977, naye Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu, akatoa masimulizi ya kale ya jamii yake mwaka wa 1979. Mwanafunzi asiyevisoma hivi atagundua upya mambo yaliyogunduliwa kitambo. Vilevile atakosa kuona yaliyoachwa nje. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, nao wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Suala la ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya chai lilifika kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 2021 na katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka wa 2022. Ripoti za maafisa wa wilaya ya Kericho zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Hizo ni maandishi ya waliohamisha. Sauti za waliohamishwa ziko vinywani mwa wazee, na kila mwaka hupungua.

Mlango wa shamba na mdomo wa mchumaji

Kujua kwamba daftari lipo si sawa na kulipata. Mashamba makubwa ni mali ya watu binafsi, na mafaili huandamana na mwenye shamba. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka wa 1984. Biashara ya chai ya Unilever ikauzwa tena mwaka wa 2022. Mwaka wa 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Kericho na Bomet yanauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imekubaliana kuyanunua yale ya James Finlay. Ofisi ikibadilisha jina, makasha huhamishwa, na mengine hutupwa. Mwanafunzi na aandike barua ya kuomba kumbukumbu kabla ya kutetea pendekezo lake mbele ya jopo la idara, asije akapitishiwa mada ambayo daftari lake lilikwisha kuchomwa.

Aulize pia kuhusu mapengo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliwafukuza wafanyakazi wengi mashambani. Atakayechora mchoro wa mavuno, mahudhurio au wagonjwa na kukuta mteremko mapema mwaka wa 2008, kisha akaueleza kwa ukame, atakuwa amekosea vibaya.

Na kuna mambo ambayo hakuna daftari lililowahi kuyaandika. Mnamo Februari 2023, BBC ilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya kampuni mbili kubwa walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Hojaji zilizokuwa zimepita katika mashamba kama hayo miaka yote hiyo, nyingi zikigawanywa kwa msaada wa ofisi, hazikuwa mahali pa kulisema jambo hilo. Mchumaji aliyeteuliwa na mnyapara ili ahojiwe, akiketi umbali wa hatua kumi kutoka kwa mnyapara huyo, atasema kwamba kila kitu ni shwari. Mtafiti makini huwatafuta wahojiwa wake sokoni, kanisani au katika vyama vya akiba, siku za mapumziko, na huajiri mwanamke wa kuwahoji wanawake. Jina la mhojiwa halihitajiki katika karatasi ya majibu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mtafiti aeleze atakavyozihifadhi habari za watu.

Lugha nayo ipangiwe. Katika vijiji vya Konoin au Bureti mazungumzo huendeshwa kwa Kikipsigis; katika makambi ya wafanyakazi, ambako wamo Waluo, Wakisii na Waluhya, Kiswahili ndicho kiungo. Hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo hapo na msaidizi tofauti kila siku si hojaji moja tena. Afadhali itafsiriwe mapema na mtu mmoja, kisha mtu wa pili airudishe katika Kiingereza bila kuona ile ya awali.

Ratiba ya mwaka wa chai

Vyuo hupanga utafiti kwa mihula, ilhali chai hufuata mvua. Kuanzia Januari hadi Machi jua huwa kali na majani hupungua. Wakulima huwa na nafasi ya kuzungumza lakini mifuko haina kitu, na majibu kuhusu kipato huakisi hali hiyo. Mvua za Aprili na Mei huleta majani mengi, na mkulima huwa shambani tangu alfajiri, kisha kwenye foleni ya kituo. Julai baridi hupunguza ukuaji. Bonasi huja karibu na Oktoba, na anayeuliza juu ya KTDA mwezi huo atapata maoni tofauti kabisa na ya Machi. Desemba ni msimu wa jando na sherehe za familia. Utafiti unaotaka kujua kipato cha mwaka mzima hauna budi kurudi kwa mtu yuleyule angalau mara mbili, katika msimu wa majani mengi na wa uhaba.

Vibali huchukua muda kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi huanza na idara yake, kisha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, ndipo aombe leseni kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2013. Akishafika kaunti, hujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu. Walio katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, au katika chuo cha Bomet kilichoanzishwa mwaka wa 2017, wana nafuu ya kuwa karibu, lakini ukaribu hauondoi hatua hata moja. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 ziliagiza pia kwamba mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja na wa uzamifu mawili kabla ya kuhitimu, na jarida la heshima laweza kukaa na makala miezi mingi.

Kwa hiyo ratiba ya busara huhesabiwa kinyumenyume. Anayetaka kuhoji katika msimu wa mvua wa Aprili na awe na kibali cha maadili kufikia Desemba, na leseni kufikia Februari, ili Machi ifanyiwe jaribio dogo la hojaji katika kituo ambacho hakimo katika sampuli. Jaribio hilo hufichua mambo madogo yenye uzito: kwamba neno fulani la Kikipsigis lina maana mbili, kwamba wake hawajui idadi ya michai kwa sababu nambari ya mkulima kiwandani ni ya mume, kwamba karani wa kituo hataki kuonyesha stakabadhi mpaka aone barua ya meneja wa kiwanda. Leseni nayo hutolewa kwa muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja. Utafiti ukivuka tarehe hiyo, maombi ya kuiongeza hutumwa kabla haijaisha, yakiambatanishwa na ripoti ya kazi iliyokwisha kufanywa.